Mjomba wa Kuchora

Mzee Yoramu aliingia studio kinyumenyume, macho yake bado yako barabarani, kama mwizi wa kuku anayehakikisha mwenye kuku hamfuati. Akasukuma mlango kwa kisigino ukajifunga, ndipo akageuka na kukuta vijana wawili wanamtazama vinywa wazi. Mmoja alikuwa Edina, mwenye kiti cha kompyuta, na mwingine Optatus, mwenye kamera. Studio ilikuwa yao wote wawili, chumba kimoja tu pale Uhindini, Dodoma, na ua mdogo nyuma.

"Shikamoo mzee," alisema Edina.

"Marahaba, mwanangu. Nyinyi ndio mliopiga video sendofu ya Elieth, binti wa Mama Ruthu wa Chang'ombe?"

"Ndiyo sisi."

"Mkanda umeshatoka?"

"Bado, tunaumalizia."

Mzee akashusha pumzi ndefu, akavuta stuli bila kukaribishwa, akakaa. "Basi Mungu yupo. Niwekeni humo."

Edina alidhani hakusikia vizuri. "Tukuweke wapi, mzee?"

"Kwenye sendofu. Mimi ni mjomba wa bibi harusi. Sikuwepo, na sasa nataka niwe nilikuwepo."

Ee bwana wee! Ilikuwa miaka ile soko limeshaachiwa huria, kila duka limejaa deki na televisheni, na Dodoma hakuna aliyeamini tena kwamba mtu ameoa mpaka auone mkanda. Kamati za harusi zilitafuta wapiga video kabla hazijatafuta mchele. Edina alishaombwa mengi kwenye kiti kile. Kuna aliyetaka apunguzwe tumbo, kuna aliyetaka wimbo wa kanisani ugeuzwe taarabu. Ila mtu kuomba ahudhurie shughuli iliyokwisha, huyu alikuwa wa kwanza.

Mzee akaeleza. Kwa watu wa ukoo wao, binti haagwi nyumbani mjomba hajafungua kinywa. Baba anaweza kusema mpaka povu limtoke, lakini neno la kumtoa binti ni la mjomba, ndugu wa mama. Siku ile ya sendofu, sherehe yenyewe ya kumuaga binti, mzee Yoramu hakuonekana, akasimamishwa shemeji mmoja kusema kwa niaba yake, akababaisha. Kesho yake Mama Ruthu, dada wa mzee, alimjia juu. Na mzee, badala ya kusema ukweli, akajibu kwamba alikuwepo, alisimama nyuma kabisa, watu walikuwa wengi ndiyo maana hawakumwona, wala yeye hakusikia akiitwa. Angeweza kusingizia kwamba basi la kutoka kwake Mpwapwa lilimkwamisha njiani, lakini Petro kinyozi alikuwa ameshamwona mjini siku hiyohiyo, kavaa koti lake la kijani, anaelekea ukumbini.

"Dada yangu akaniambia hivi," alisema mzee, na sauti ikampungua. "'Jumapili mkanda unaletwa, tutauangalia wote. Nikikuona, nitakuomba radhi mbele za watu. Nisipokuona, usikanyage kwangu tena, na siku nikifa usije kunizika.' Mwanangu, yule ndiye aliyenibeba mgongoni. Mama yetu alifariki mimi sijaota meno. Sina ndugu mwingine hapa duniani."

"Kwani siku ile ulikuwa wapi?" aliuliza Optatus.

"Hayo hayakuhusu. Nyinyi niwekeni."

Edina alipaswa kukataa. Alikuwa mtu wa Karagwe, kalelewa na shangazi mkali, na uongo aliujua kwa jina na kwa sura. Lakini wiki ileile Optatus alikuwa amerudi kutoka Dar na sidii ya programu mpya, ya kunakiliwa, wenyewe mnaelewa, programu inayoweza kumtoa mtu kwenye picha moja ikampeleka kwenye nyingine. Mikono ilikuwa inamwasha Edina. Tangu lini mtu akaletewa mjomba mzima wa kufanyia majaribio? Na huruma nayo ilikuwa imeshamwingia, hilo tusimnyime.

"Mzee, njoo kesho asubuhi," alisema. "Vaa vilevile ulivyovaa siku ile."

Asubuhi Optatus akatundika shuka la kijani uani, akalinyoosha vizuri halina kunyanzi. Mpango ulikuwa mwepesi. Mtu anasimama mbele ya shuka, kompyuta inaambiwa ifute kila kilicho cha kijani, shuka linatoweka, mtu anabaki. Kazi ya kunywea chai. Mzee Yoramu akatokea kapiga koti lake la kijani, kijani cha shuka kabisa, utadhani vilikatwa kwenye jora moja.

"Mzee, vua koti," alisema Optatus.

"Petro aliniona na koti."

Hapo hakuna wa kumbishia. Wakifuta kijani, mzee angebaki kichwa na viganja, vinaelea ukumbini kama pepo. Optatus alikuwa na shuka la bluu pia, akaenda kulichukua. Aliporudi mzee kafungua vifungo kwa sababu ya jua, na ndani ya koti kuna shati la bluu.

Optatus akakaa juu ya ndoo. "Edina, huyu mzee katumwa."

"Achana na mashuka," alisema Edina. "Asimame ukutani. Nitamkata kwa mkono."

Basi mzee akasimama ukutani, Optatus akampigia ndoo, mzee akacheza. Na alicheza! Mabega yalikwenda huku, kiuno kule, na mkononi ameshika mgwisho wa mkia wa ng'ombe anaurusha juu.

"Mgwisho weka chini, mzee," Edina alilalamika. "Kila unywele wa huo mkia nitauchora mimi?"

"Na mjomba asiye na mgwisho ni nani? Mpishi?"

Walibishana mpaka jirani akachungulia ukutani. Mwishoni mzee akakubali aushike, ila usipite kiuno.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe, maana watu huona picha imetulia wakadhani imejitengeneza. Mnamjua fundi cherehani anavyokata kitambaa kwa kufuata chaki? Ni hivyohivyo, ila hapa kitambaa kinacheza ngoma. Unachora mstari unaomzunguka mtu, wenyewe wanauita maski. Ndani ya mstari anabaki, nje panafutwa. Taabu ni kwamba sekunde moja ya video ina picha ishirini na tano, na mzee Yoramu alicheza kama anafukuza nyuki.

Optatus akataka brashi. Alimpaka mzee rangi kwenye picha ya kwanza, akahamia ya pili, akahamia ya tatu, ulimi nje, shingo imekakamaa. Mchana akaiendesha waone. Kila picha peke yake ilipendeza, lakini zilipokimbia pamoja kingo za koti zilichemka kama uji jikoni, maana mkono wa binadamu haupiti mahali palepale mara mbili.

"Mzee ana degedege," alisema Edina.

Optatus hakukata tamaa. Akachukua kalamu ya programu, akamzungushia mzee mstari mmoja, kuanzia sikio mpaka kisigino na kurudi, kaupachika nukta tele kama mshono wa cherehani. Ukakaa vizuri kabisa mpaka pale mzee alipopitisha mkono kifuani. Nukta za mkono na nukta za kifua zikagombana, mstari ukajisokota, na mzee akatokea hana kwapa, na nusu ya taya imeliwa.

"Toka, toka, toka," alisema Edina, akamnyanyua Optatus kwenye kiti kwa ukosi wa shati. "Unamchinja mzee wa watu."

Yeye akamgawa vipande. Kichwa kikapata mstari wake, kiwiliwili wake, mkono wa kulia wake, ili mkono ukipita kifuani kila mstari uendelee na safari zake. Nukta akaweka chache mno, mstari akaupinda katikati ya nukta na nukta, kwa sababu kichwa cha mtu ni yai, na yai halihitaji misumari. Wala hakugusa kila picha. Aliupanga mstari pale mkono unapoanza kupanda, akaupanga pale unapofika juu na kugeuka, akaupanga ulipotua, na katikati akaiachia kompyuta itembee yenyewe. Mwisho akaulainisha ukingo kidogo, maana nguo ya mtu si wembe. Akaendesha. Mzee akacheza, hachemki, hajaliwa popote.

"Weee!" alisema Optatus, akasahau kwamba amenuna.

Yalibaki magoti, suruali inayopepea, mgwisho na kivuli. Magoti yalikuwa na fujo kuliko mikono. Mgwisho ulikuwa umeshapita kiuno, kwa sababu mzee alidanganya. Na kivuli hakikuwepo kabisa, na mjomba asiye na kivuli angeitiwa mchungaji. Edina akajiuliza kwa nini ajitese kuchora kinachoweza kufichwa. Akaurudia mkanda kutafuta wa kumfichia. Pale kwenye kutunza zawadi watu wote walikuwa wanaruka na vitenge na sufuria kichwani, isipokuwa mama mmoja, mnene wa heshima, kavaa kitenge cheupe, amesimama pembeni ametulia kama pipa la maji. Bega lake lilikuwa pana, laini, haliendi popote. Edina akalizungushia mstari wa nukta nne tano tu, akamsukuma mzee nyuma yake. Magoti kwisha. Mgwisho kwisha. Kivuli kwisha. Mzee akatokeza kuanzia kifuani, kachangamka, anacheza.

"Mungu ambariki huyu mama," alisema Edina, "hata simjui ni nani."

Jumamosi mzee akaja kujitazama. Akasogeza uso kwenye kioo mpaka pumzi zake zikakipaka ukungu. "Aisee, ni mimi! Rudia." Edina akarudia. "Koti limetoka vizuri, eh? Rudia tena." Alitazama ndevu zake, akatazama kofia yake, akasifia mabega. Kilichokuwa mbele ya mabega hayo hakukiona wala hakukiuliza, maana mtu akiona sura yake kwenye televisheni huwa haoni kingine.

Jumapili baada ya kanisa, Mama Ruthu akasisitiza Edina aupeleke mkanda mwenyewe na awawekee kwenye deki. Sebule ilikuwa imefurika. Elieth alikuwa amekuja na mumewe kutoka Busi alikoolewa, na wazee wa ukoo wamepewa makochi. Mzee Yoramu, koti la kijani mwilini, amekaa karibu kabisa na televisheni, kidevu juu. Mama Ruthu hakumpa mkono. Alikaa upande wa pili, mikono mapajani, na uso wake haukuwa wa mtu anayetaka kushinda. Edina aliona wazi kwamba yule mama alikuwa anaomba mdogo wake aonekane.

Edina akabonyeza deki, akarudi kukaa kwenye mkeka pembeni ya Elieth. Akagundua kwamba pazia la mlango wa ndani limeachwa mwanya, na nyuma yake kuna mtu kwenye kiti.

"Nani yule anajificha?" alinong'ona.

"Hajifichi. Ni bibi Erica, mama mkwe wa mjomba. Kwetu mwanamume na mama mkwe hawaketi chumba kimoja. Hata njiani, huyu akitokea huku, yule anaingia kichakani. Mjomba akisikia tu kikohozi chake anageuza safari."

"Ni desturi nzuri," alisema Edina kwa adabu. "Na kwenye sendofu alikuwepo?"

"Alikuwepo, kasimama pembeni ili mjomba akiingia yeye atoke. Alivaa kitenge cheupe."

Edina akalikumbuka lile bega pana. Akataka kuinuka, lakini mbele yake kuna magoti, sahani za pilau na watoto. Akaomba umeme ukatike. Umeme wa Dodoma, unaokatika hata mtu akipiga chafya, siku hiyo ukatulia kama umelipwa. Zawadi zikaanza kutunzwa. Vitenge vikapita, sufuria zikapita.

"Yule!" Mama Ruthu alinyanyuka nusu, uso umemfunguka. "Si Yoramu yule? Yoramu! Mdogo wangu, nisa..."

Neno halikuisha. Sebule nzima ilikuwa imeona. Mzee Yoramu alikuwa kifua mgongoni mwa mama mkwe wake, ndevu juu ya bega lake, anatabasamu, anatikisa mabega. Na kwa vile Edina aliiona kazi yake ni ya fahari, alikuwa ameirudia hapohapo kwa mwendo wa pole, ndani ya kopa jekundu lenye kumetameta.

"Uwiii!" Pazia lilitikisika. "Jamani nimekufa! Mgongoni kwangu? Mkwe wangu? Semeni jamani, mimi nilisimama peke yangu!"

"Hii inataka kikao cha ukoo," alisema mzee mmoja, akaweka sahani chini. "Leo hii."

"Yoramu," alisema Mama Ruthu polepole. "Ulimkumbatia mama mkwe wako? Mbele ya wageni wangu wote?"

Mzee Yoramu alikuwa amejifunika uso kwa kofia. Kukosa sendofu kungemnyima dada. Hili lingemnyima dada, mke, wazee, na heshima yote iliyobaki, na bibi wa watu asiye na kosa angeburuzwa naye. Kofia ikashuka.

"Sikuwepo!" alipiga kelele. "Sikumgusa! Mkanda ni mwongo, mimi nimechorwa!"

"Umechorwa?"

"Huyu binti kanichora!"

Macho yote yakamgeukia Edina. Akasimama. "Ni kweli, mama. Nilimchukua uani kwetu juzi, nikamkata, nikampachika pale kwa sababu pale palikuwa rahisi. Bibi hakuguswa na mtu. Naomba mnisamehe, hata sikujua ni nani wake."

Nyuma ya pazia ikasikika pumzi ndefu ya shukrani. Lakini Mama Ruthu alikuwa ameketi tena, mzito.

"Kwa hiyo hukuja," alisema. "Hukuja, na ukatafuta watu wa kunidanganya nyumbani kwangu."

"Nilikuja," alisema mzee. "Dada, nilikuja. Nilifika mpaka mlangoni. Nikamwona yule MC anaigonga maiki kwa kidole, ikalia ukumbi mzima, watu wote kimya. Mimi ng'ombe wananisikia wakiwa ng'ambo ya mto, wewe unanijua, lakini kile kidude nilikiogopa. Nilikiogopa kama mtoto. Nikazunguka nyuma, nikasimama chini ya dirisha. Nilisimama pale mpaka mlipomtoa Elieth."

Hakuna aliyekumbuka kuzima televisheni, na mkanda uliendelea na shughuli zake. Kopa lilikuwa limeshapita, sufuria zimekwisha, na MC alikuwa ameshika maiki.

"Ndugu zangu, sasa namwita mjomba wa bibi harusi. Mjomba Yoramu, karibu mbele!"

Kwenye picha watu waligeuza shingo. Edina aliiona sehemu hii mara nyingi alipokuwa anaukata mkanda, na kila mara aliona tu kwamba ni ndefu. Sasa alimwona Mama Ruthu wa kwenye picha, kilemba kipya, anautazama mlango.

"Mjomba Yoramu yupo?" aliita MC.

Mama Ruthu wa kwenye picha bado anatazama mlango. Mama Ruthu wa kwenye kochi akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mjomba yupo, jamani?"

Mzee Yoramu akasimama, akavua kofia.

"Nipo," alisema.

Mama Ruthu akainuka, akavuka mkeka, akaizima televisheni kabla MC hajamwita yule shemeji. Akabaki amesimama palepale, machozi yanamtiririka, hajifuti.

"Haya," alisema. "Sema."

Mzee akamtafuta Elieth kwa macho. Alifungua kinywa, kikakataa, akakifungua tena. "Elieth, mwanangu," alianza, kwa sauti ndogo sana. "Nenda. Mimi mjomba wako nimekuruhusu. Nenda ukae vizuri na watu. Na huko siku ukionewa..."

"Mwambieni aongeze sauti!" bibi Erica alidakia nyuma ya pazia. "Na mimi nataka kusikia."

Mzee Yoramu akajaza kifua, akaanza upya kwa ile sauti anayoitia ng'ombe, na wapita njia wa Chang'ombe wakasimama barabarani kumsikia akimuaga mtoto wa dada yake.